Ngozi Mbichi kwenye Mashine ya Marehemu

Jumanne, 4 Novemba 1975

Basi kichwa kikageuka tena! Andika hivyohivyo, mwalimu Koleta, usinipambie. Wewe unafundisha kisomo cha watu wazima, mimi ndiyo mtu mzima mwenyewe. Kusoma sitaki. Nataka kusema.

Ile mashine ya kutoboa na kuchonga chuma, aliyoniachia marehemu mume wetu Twalibu. Mke mwenzangu Batuli alipata kitanda cha chuma, mimi nikapata mashine. Watu wakanicheka. Sasa iko karakana ya kijiji hapa Ntalikwa, na ufunguo ninao mimi. Raha! Ila ina kilema. Nguzo yake ya duara, kama mchi. Fundi Masolwa akishatoboa kwa keekee fupi, ile ncha ya kutobolea, akitaka kuweka ndefu, lazima apandishe kichwa. Kikipanda kinageuka, kama mwanamume aliyepitwa na kanga mpya. Tundu linakwenda kombo.

Ijumaa baada ya sala inakuja kamati ya kukagua karakana. Tukitoboa kombo mbele yao, mashine inahamia Kwihara. Na katibu wa karakana ya Kwihara nani? Selemani, mtoto wa Batuli! Bora nife.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata dawa! Batuli kaenda harusini Choma, kaniachia kuku niwalishe. Nikawalisha. Nikatoka na chuma kirefu cha ubavuni mwa kitanda chake. Si mali ya marehemu vilevile? Hilo usiandike. Haya, andika.

Nikakisimamisha kando ya nguzo, kichwa kikishike, kisipate pa kuzungukia. Masolwa akasema wazo zuri hilo mama, ila panapokutana paingie pete ya chuma, iteleze kichwa kikipanda na kushuka. Akaenda mjini kutafuta chuma cha pete. Mjini! Atarudi lini? Mzee Mahona anawamba ngoma hapa jirani kwa ngozi mbichi. Ikishakauka huifungui hata kwa meno. Nikachukua ngozi ya ng'ombe, nikailoweka, nikafunga kichwa na kile chuma. Zungusha, zungusha, kaza. Jua kali. Nimecheza kidogo, peke yangu.

Ijumaa, 7 Novemba

Kamati imekuja. Masolwa karudi nao kwenye gari moja, ngozi kaiona kachelewa. Katoboa kwa keekee fupi. Safi. Kazungusha mpini apandishe kichwa. Wapi! Kaning'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote. Ngozi imekauka jiwe. Nikawaambia mnaona wenyewe, hakigeuki.

Mzee Omari, mwenyekiti, akaizunguka mashine, akakuna ndevu. "Kweli bibi, hakigeuki. Ila na kupanda hakipandi."

Wakacheka mpaka mmoja akakalia ndoo ya grisi. Kwa kicheko hicho Omari akatupa nafasi mpaka Ijumaa ijayo. Masolwa akawa anasema pete, pete. Mimi nilichosikia ni "kweli bibi".

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua ya kwanza! Bati la karakana linavuja, tena juu ya mashine hasa. Ngozi imelegea kama ulimi wa mbwa. Masolwa kagusa kichwa tu, kimezunguka, kofia yake ikaruka mpaka nje. Kasema anaikata ngozi, anachonga pete. Nikamwitikia sawa baba, sawa.

Pete ya nini? Kosa nimeshaliona. Ngozi ilikuwa moja na chuma kimoja, ndiyo maana! Vinatakiwa viwili viwili. Mahona keshaniloweshea ngozi. Na chuma cha pili kipo, ubavu wa pili wa...

Hebu subiri. Umesikia kishindo? Batuli huyo, karudi toka Choma. Kakaa kitandani avue viatu, kitanda kimekwenda chini. Ananiita ng'ambo ya ukuta hapo: "Mwanajuma, mke mwenzangu, njoo unishikie kitanda, kimenilalia!"

Masikini. Naenda, naenda. Koleta, nipe hiyo spana.