Kibali cha Baraza

Shaban alikuwa akinywa kahawa mtaa wa Isevya alipomsikia Bi Siwema akimlalamikia jirani yake, Mzee Bundala, habari ya nyumba yao. Akajua riziki imejileta.

Nyumba ilikuwa moja, paa moja, milango mitatu, familia tatu za Kinyamwezi. Bi Siwema alitaka baraza mbele ya mlango wake, maana mvua ikinyesha jiko lake la vitumbua huzimika, na watoto wakalala njaa. Lakini upande wa barabarani haukuguswa bila kibali cha ofisi ya mji, na ofisi ile waliiogopa kama simba.

Kesho yake Shaban akafika kwa baiskeli, kofia ya kizungu kichwani, akapima ukuta kwa kamba na kuguna kitaalamu.

“Kibali kipo, mama,” alisema. “Ila Bwana wa mji ana kikohozi. Kila mlango utoe debe la asali.”

Wakatoa. Bi Siwema alitoa lile alilokuwa akilitegemea kununulia unga.

Saa sita mchana Mzee Bundala akamfumania stesheni, yeye na asali yote, wakisubiri treni ya Dar es Salaam. Majirani wakaja mbio, wakitaka askari. Shaban akatabasamu tu.

“Askari wa nini? Mimi Mzaramo. Tangu babu zenu walete pembe pwani, sisi ni watani. Asali nimewatania.”

Watu wakacheka, na Mzee Bundala akashusha fimbo. Mtani akikuchukulia kitu, ukikasirika aibu ni yako.

Bi Siwema naye akacheka, tena kwa raha. “Kweli, mtani wangu. Nisamehe, sikukujua.” Akamvua kofia, akaivaa. Mzee Bundala akachukua baiskeli. Wauza karanga, Wanyamwezi watupu, wakachukua koti, viatu na tiketi. Asali ilikwisha kurudi vichwani mwa wenyewe. Treni ikaondoka huku stesheni nzima ikimtazama Shaban usoni, ione kama atanuna. Maskini, akacheka.

Akauliza atavikomboaje vitu vyake. Akaambiwa alete kibali, kisha ajenge baraza.

Alikwenda ofisini peku, akarudi upesi na kibali, uso umemshuka. Bi Siwema akamuuliza Bwana alitaka asali kiasi gani.

“Hata kijiko,” alisema Shaban kwa uchungu. “Aliniuliza tu baraza ni la nani, akatia sahihi.”

Bi Siwema akaikumbuka miaka yote aliyopika mvuani. Kisha akaiweka kofia sawa, akamwonyesha Shaban udongo ulipo.