Kumkamua Betri

Jumatatu, 6 Novemba 2023. Kashojwa, kambi ya wakimbizi.
Mvua mingi! Kijito cha nyuma kimefura. Gurudumu alilolijenga mkwe wangu Baudouin linazunguka majini, waya unaleta umeme mpaka kwenye betri chini ya kitanda changu. Mimi, Musoni, niliyefukuzwa shule kwa kumwigiza mwalimu, nina umeme! Jirani yangu Kabanda, mwenye duka, ana sahani za umeme wa jua juu ya bati. Jua lenyewe liko wapi? Nimepita mlangoni kwake nikipiga mluzi. Wateja wake wa kuchaji simu wamehamia kwangu. Nimemhurumia kidogo. Kidogo sana.

Jioni akaja Marthe, mjane, mama Déo. Mwanawe Déo alibaki kwetu, Minembwe. Tangu vita vya mwaka jana, kimya. Sasa ametuma neno: Jumapili, baada ya ibada, atapanda mlimani, fasi yenye mtandao, apige. Simu ya mama ni kikongwe kama mimi, haishiki moto, chaji inaisha upesi, lazima ichajiwe kila siku. Alikuwa anaipeleka kwa Kabanda. Nikamwambia umeme wa Kabanda unategemea mawingu, wangu unategemea Mungu. Kaniachia simu.

Jumanne, 7 Novemba.
Betri inaishiwa upesi. Baudouin, kabla ya kupanda ndege kwenda Kanada, aliniasa: tumia nusu tu, uiache ijae, ikipungukiwa, tia maji ya betri ya dukani, si mengine. Kijana mzuri, ila hajawahi kushika kiwele. Ng'ombe ukimwachia maziwa, kesho anatoa pungufu. Ukimkamua hadi tone la mwisho, anaongeza. Betri nayo inalishwa, inatoa. Tofauti iko wapi?

Nimewasha taa zote, redio juu, simu zote za watu. Taa ya betri ikawa nyekundu. Ikafa. Mke wangu Mukarukundo akauliza gizani kuna nini tena. Nikamjibu tunakamua.

Jumatano, 8 Novemba.
Imetoa pungufu kuliko jana! Nimefungua vifuniko. Maji yamekauka, vibao vya ndani vimetokeza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Maskini. Hajalamba chumvi tangu aje hapa! Nimemtilia maji ya kijito na chumvi ya kutosha. Akaanza kutoa mapovu. Anacheua! Harufu ikatoka, kali, machozi yakatutiririka. Mukarukundo kabeba mkeka kaenda jikoni. Akasema mimi na ng'ombe wangu tulale salama.

Ijumaa, 10 Novemba. Mbarara.
Nimempeleka mgonjwa Nyamitanga kwa fundi betri, mama mmoja aitwaye Kabanyana. Kapima, kanusa, kanitazama. "Mzee, hii betri nani naua?" Nikasema inaumwa tu. Akasema chumvi ni ya mchuzi; vibao vimeliwa; hata nikiichaji itajidai imejaa, halafu itaanguka ghafla. Nitafute nyingine. Nikamuuliza kama amewahi kufuga ng'ombe. Hajawahi. Nilijua!

Nimerudi nayo mapajani. Imevuja, imetoboa suruali yangu ya kanisani.

Jumapili, 12 Novemba.
Asubuhi simu ya Marthe ilikuwa na mstari mmoja tu wa moto. Ilikaa kwenye betri usiku kucha, mstari mmoja! Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka. Lakini Kabanda alikuwa amesimama palepale njiani, kakunja mikono. Nikasema: "Mama Déo, imejaa."

Kanisani Marthe hakuimba. Simu kaishika kwa mikono miwili, kama yai. Tulipotoka ikalia. Watu wote wakasogea. Akasema, "Alo? Déo? Mutoto yangu?" Sauti ikatoka, "Ma..." Basi. Kioo kikawa cheusi.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikuwa anaigeuzageuza tu ile simu, anaipulizia.

Nimeinyakua nikakimbia kwa Kabanda, suruali yenye tundu, wazee wenzangu wakitazama. Akaichomeka. Ilipowaka, akaipiga ile namba. Haipatikani. Akapiga tena, na tena. Kabanda hakunicheka. Hilo ndilo limenichoma.

Jumatano, 15 Novemba.
Marthe hatoki dukani kwa Kabanda. Chakula anasogeza pembeni. Leo nimekwenda nikakaa naye. 

Mchana ikalia. Kabanda aliongeza sauti, tukasikia wote. Déo hakusalimia. Alitaka mama ataje jina la ng'ombe wao mwekundu, ajue kama ni yeye kweli. Marthe akashangaa, akasema, "Gaju." Upande wa pili mtu mzima akaangua kilio. Jumapili alimsikia mama akimwita, kisha sauti ikakatika. Akadhani mama ameanguka kwa furaha, roho imetoka. Kwamba yeye ndiye aliyemuua, kwa kupiga simu. Amekaa juu ya ule mlima akimlilia, simu kaizima, hakuthubutu kupiga tena mpaka leo.

Marthe akawa anarudia, "Niko, mutoto yangu. Niko hapa. Niko." Kabanda kageukia ukutani. Mimi pia nilifuta macho.

Atapiga tena Jumapili.

Ijumaa, 17 Novemba.
Mukarukundo ameuza mbuzi wake, bila kuniambia kitu, akaenda mwenyewe Mbarara. Amerudi na betri mpya, yang'aa. Na salamu za Kabanyana: mpya isifungwe pamoja na ya zamani, mzee atamvuta mtoto chini wafe wote. Mke wangu akanirudishia maneno hayo mara mbili, taratibu, kama anayefundisha katekesi. Nikaitikia. Kisha akaenda shambani.

Nimekaa nikamtazama huyu mpya. Kimya, mgeni, peke yake chini ya kitanda. Ng'ombe mpya ukimleta boma geni anabana maziwa. Kila mchungaji anajua: unamfunga ubavuni mwa ng'ombe mzee, anamzoea, anatulia, anaachia. Yule mama wa Nyamitanga angejuaje?

Nimewafunga pamoja kwa waya, vichwa nimevipaka samli. Wametulia vizuri sana.

Sasa natoka, kumwambia mama Déo asijisumbue kwa Kabanda Jumapili hii.