Mtambo wa Shibiri Tisa

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe ametangaza vita. Yeye ameiita zawadi. Ni ile mashine ya kukandia unga ya marehemu baba mkwe, iliyolala stooni chini ya ngazi tangu kabla sijaolewa. Atakayeitoa bila kukwaruza vigae vya korido yake, achukue. Jumapili ikiikuta palepale, anamwita mtu wa vyuma chakavu.

Nikaitazama mikono yangu. Kila alfajiri nakanda unga wa mikate ya kuuza, Bibie mgongoni akinivuta nywele. (Bibie ni mwanangu. Ana mwaka na nusu na ndiye mwenye nyumba.) Nikiipata mashine hiyo, nitakaa kitako unga ukijikanda. Sijakaa kitako tangu nijifungue.

Ila wifi, dada wa mume wangu, naye anaoka keki. Amesema kwa sauti ya kufika barabarani kwamba ataleta wanaume sita. Nikacheka kimoyomoyo. Stooni, ukishaiweka mashine, inabaki nafasi ya mtu mmoja, tena akibana tumbo. Nguvu si hoja. Hoja ni akili.

Jumanne, 5 Machi

Nimebuni mtambo! Miguu mitatu ya bomba, inakutana juu kama mashoga watatu wanaosengenya. Katikati linaning'inia kapi la mnyororo, lile ambalo mafundi magari huinulia injini. Unavuta mnyororo, mzigo unapanda. Ukimaliza unaukunja mtambo wako na kuusukumia uvunguni. Nimemwonyesha mume wangu mchoro. Akauliza kama ni kigoda. Nimemsamehe, alikuwa na usingizi.

Futikamba, Bibie aliitumbukiza chooni. Basi stoo nimeipima kwa shibiri, kiganja kikitanuliwa toka kidole gumba hadi cha mwisho. Bibi yangu alipima hivyohivyo na nyumba yake bado imesimama. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Cheche, nikamwambia kila mguu shibiri tisa. Akarudia: tisa. Mtu makini.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi walikuja wanaume sita wa wifi. Mmoja akaingia, watano wakabaki koridoni wakimshauri. Ushauri haukuinua kitu. Yule wa ndani akakwama kati ya mashine na ukuta, ikabidi wenzake wamvute kama muhogo. Alitoka na kiatu kimoja. Niliwapa maji ya kunywa. Nilijitahidi nisitabasamu. Nilishindwa.

Malipo ni hapahapa duniani. Mchana Cheche akaleta mtambo. Twiga! Stooni hauingii, hata koridoni unagusa dari. Nikamuuliza alipimaje. Akafungua kiganja chake. Yarabi, kile si kiganja, ni sinia. Shibiri yake moja ni yangu moja na nusu.

Wifi akauzunguka polepole, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Hongera, wifi yangu," akasema. "Huu wa kuanikia nguo umeuagiza wapi?"

Jioni mama mkwe ameanika mashuka yake juu ya mtambo. Yamekauka vizuri.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudi kwa Cheche. Safari hii niliweka mkono wangu mwenyewe juu ya bomba, yeye akafuata kwa msumeno. Akanirudishia na vipande vilivyobaki. Nimevitupa uani, sitaki kuviona. Mtambo unaingia stooni! Nani alisema siwezi? Wifi. Mama mkwe. Mume wangu, usingizini.

Jumamosi, 9 Machi

Imepanda! Nilivuta mnyororo, Bibie mgongoni akipiga makofi, na mashine ikaachana na sakafu kama mtu anayeamka bila kupenda. Nikaita nyumba nzima. Wakajazana mlangoni, wakaitazama ikining'inia. Mama mkwe akauliza: sasa inatokaje?

Nikautazama mtambo wangu, juu hadi chini.

Nilibuni kuinua. Kutoa sikukufikiria. Mtambo hauna hata gurudumu.

Nikakaa chini palepale, na kesho ndiyo Jumapili. Bibie akanifuta uso kwa soksi yake. Wifi akaondoka, nikajua ameenda kucheka vizuri. Kumbe. Alirudi na mkeka, na ubao wake mnene wa kusukumia unga, na vile vipande vya bomba nilivyotupa uani. Akatandika mkeka juu ya vigae, akapanga vipande kama magogo, akalaza ubao juu yake na kuusukuma chini ya mashine.

"Shusha polepole," akasema. "Na usinitazame hivyo. Mikono yangu pia inauma."

Nikashusha. Yeye akavuta, mimi nikasukuma, mashine ikatoka hadi uani taratibu kama bibi harusi. Nikawaeleza wote kwamba vipande vile vilikuwa kwenye mpango tangu mwanzo. Mume wangu akapiga miayo.

Mama mkwe alivaa miwani akakagua vigae kimoja kimoja. Kisha akatoa hukumu: mashine ni yetu sote wawili, alfajiri yangu, jioni ya wifi. Na atakayeanzisha ugomvi, mtu wa vyuma chakavu atamchukua yeye.

Jumapili, 10 Machi

Inanguruma, inatetemeka, inakanda! Na mimi nimekaa kitako. Bibie amelala kifuani, ngumi imefumbata kola ya gauni langu. Nimelia kidogo. Unga uliingia machoni.

Sasa mimi na wifi ni washirika, na washirika wanahitaji tanuri kubwa. Wifi ameshauri tukaazime futikamba tupime mlango wa jikoni. Nikamwambia apumzike, mambo ya vipimo aniachie mimi, mwenye uzoefu. Nimepima mwenyewe, mara mbili. Nimempigia simu muuza tanuri kule mjini, nikamwambia upana usizidi shibiri nne. Akarudia: nne.

Sauti yake ni ya mtu mwenye mkono wa kawaida.