Kompyuta Kuukuu na Uso wa Mume wa Bibi Nhan

Alhamisi, 8 Agosti

Nimedharauliwa na kompyuta yangu mwenyewe. Nimeiomba ipokee mfumo mpya wa uendeshaji, ikajibu kwa adabu zote kwamba haikidhi masharti. Miaka kumi na mitatu tuko pamoja! Imewarembesha marehemu wa nusu ya mji wa Hue katika picha zao za kuwashiwa udi, leo haikidhi masharti.

Mfumo mpya nauhitaji. Programu ya kuwavisha marehemu kanzu na kilemba kwa kubofya mara moja haikubali ule wa zamani. Khai, mwenye duka la picha ng'ambo ya barabara, anayo. Ametundika bango: Picha Tayari Kabla Kahawa Haijaisha. Mimi huchora kola kwa mkono, siku mbili nzima. Wateja wangu wanavuka barabara huku wakijifanya hawanioni.

Mke wangu, Diep, anasema nimalize kwanza kazi ya Bibi Nhan. Alhamisi ijayo ni kumbukumbu ya kifo cha mumewe na ukoo wote unakuja. Picha pekee ya mzee iliingia maji ya mafuriko; limebaki sikio, nusu ya paji na jicho moja. Wiki tatu bibi amekaa kando yangu akinisimulia uso, nami nachora. Imebaki kanzu tu. Nimemwambia Diep hiyo ndiyo sababu hasa ya kuweka mfumo mpya sasa. Amenitazama vile anavyoitazama mvua nguo zikiwa kambani.

Ijumaa, 9 Agosti

Njia ipo! Jamaa mmoja mtandaoni ameeleza jinsi ya kuilaghai kompyuta ijione kijana. Chini yake kuna maoni mia nne ya shukrani. Machache ni ya vilio. Hayo sikuyasoma.

Kikwazo ni kalenda. Tuko mwezi wa saba wa kalenda ya mwezi mwandamo, mizimu inazurura, na hakuna mwenye akili timamu anayeanzisha jambo. Siku njema iliyo karibu inaangukia baada ya karamu ya bibi. Nimewaza mpaka chai ikapoa. Kisha nikapata! Kompyuta inayodanganyika kuhusu umri wake itashindwaje kudanganyika kuhusu tarehe? Nimeirudisha hadi siku niliyofungua duka, Machi 2009. Siku ile aliichagua mama, na haijawahi kuniletea nuksi. Kompyuta yenyewe ilikuwa haijaundwa, lakini haijalalamika.

Diep amenilazimisha ninakili picha ya mzee kwenye flashi. Nimenakili ili nyumba iwe na amani.

Jumamosi, 10 Agosti

Balaa! Mtandao mzima umenikana. Kila ukurasa unasema si salama, rudi ulikotoka. Nimezima, nimewasha. Nimemwita fundi wa mtandao, amekuja, ameondoka akitikisa kichwa. Nimewasha udi. Nimeiahidi mizimu ndizi.

Alasiri Khai akavuka na kikombe chake, akaegemea mlango wangu kama mwenye nyumba. Akatupia kioo jicho moja tu. Akauliza kwa upole kama kwangu bado ni 2009. Nikamwambia ni siri ya kazi. Akaeleza kwamba vyeti vya kurasa za leo, kwa kompyuta iliyoko 2009, ni vyeti ambavyo havijatolewa bado, ndiyo maana inavikataa vyote. Akamaliza kahawa yake, akaenda zake bila kucheka. Afadhali angecheka.

Jumapili, 11 Agosti

Tarehe nimeirekebisha. Mizimu nimeiandalia ndizi, wali wa kunata na kahawa ya maziwa, kando ya kibodi, nikaomba radhi mapema. Mambo yakaanza kutiririka. Nikapakua mfumo. Maelekezo yakataka flashi. Ilikuwapo moja, karibu na mkono. Kompyuta ikauliza kama nina hakika vyote vilivyomo vifutwe. Siku hizi kila kitu kinakuuliza kama una hakika. Nikabofya ndiyo. Baadaye ikauliza vilevile kuhusu diski yake. Ndiyo, jamani, ndiyo!

Saa kumi kamili: imekubali! Imewaka, rangi tele, kama duka jipya la vitambaa. Nimempigia simu shemeji. Nimesimama mlangoni ili Khai anione nimesimama.

Diep akaja, akazisifu rangi. Akauliza picha ya mzee iko wapi. Nikasema iko kwenye flashi. Akauliza flashi ipi.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimejaribu programu tatu za kufufua mafaili. Zimefufua tangazo la feni la mwaka juzi.

Bibi Nhan alikuja saa nane. Nilikuwa na uongo wa aina mbili tayari, mmoja wa umeme, mwingine wa virusi. Akanikabidhi balungi, amelimenya mwenyewe, amelitoa hadi ngozi nyeupe. Uongo wote nikauacha. Nikamwambia kweli, kwamba nimemfuta mume wake. Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu.

Bibi alinimegea kipande cha balungi. Kisha akasema, "Mwanangu, yule wa kwanza ulimfanya mzuri mno. Sikutaka kukuvunja moyo. Nilikuwa najiuliza nitamwashiaje udi mwanamume nisiyemjua."

Akavuta kiti. Akasema tuanze na pua, maana ilipinda siku alipokuja kuposa, alipoanguka na baiskeli mbele ya baba mkwe wake.

Jumatano, 14 Agosti

Siku tatu, bega kwa bega. Ile programu ya kanzu imegoma. Sasa inadai kadi ya picha ni ya kizamani. Kola nimeichora kwa mkono. Pua imekwenda upande, sikio moja limejitokeza, na mdomo ni wa mtu anayetaka kusema jambo la kuudhi. Bibi alipomwona mumewe alicheka, akamwambia, "Umechelewa wewe." Halafu akajifuta macho kwa mkono wa blauzi.

Mfumo mpya hauitambui printa yangu. Ikanibidi nivuke barabara, saa tano mchana, watu wote wakiona. Khai akachapa kwenye karatasi yake bora, akakataa malipo. Akasema, "Kaka Thuat, kola kama hii mimi siiwezi." Wema wake umenikera hadi jioni.

Alhamisi, 15 Agosti

Karamu imefana. Dada wa marehemu, mwenye miaka tisini, alisimama mbele ya picha akaanza kuigombeza kwa nini haikuhudhuria arusi ya mwanawe. Bibi Nhan akanishika mkono, akaushikilia mpaka ugomvi ulipokwisha. Nilijiona mtu wa maana.

Wakati wa kula, mtawa wa pagoda, hekalu la Kibudha la mtaa wetu, aliniuliza kama ni mimi fundi wa kompyuta. Kumbe ya pagoda nayo ni kuukuu, inakataa mfumo mpya. Ndani yake mna picha na siku za kufa za marehemu wote wa mtaa huu, watu elfu moja na mia mbili. Diep alinikanyaga chini ya meza, nadhani kwa bahati mbaya. Nimemwahidi mtawa kwamba kesho asubuhi nitafika. Maskini, ana wasiwasi; ameuliza kama kwanza azinakili zile picha mahali pengine. Nimemwambia asijisumbue, kazi hii mimi nimeshaizoea.