Jumamosi Huwa Unafanya Nini?

Watu walimwita Mkurugenzi, ingawa hajapata kuongoza hata mbuzi. Jina hilo alijipa mwenyewe, akalivaa kwa ujasiri mpaka wengine wakaona aibu kumvua. Siku ile alikuwa amebanwa kwelikweli. Mkewe alimwambia asirudi nyumbani bila kazi, na mwanamke yule hakuwa na desturi ya kurudia maneno. Basi Mkurugenzi akafunga tai, akaenda kwenye usaili wa mtunza stoo, akaketi kwenye benchi la koridoni kusubiri zamu yake.

Mlango wa chumba cha usaili ulikuwa haufungi vizuri. Ndani alisikika kijana aliyemtangulia akijikwaa kwenye kila swali. Elimu, kigugumizi. Uzoefu, kigugumizi. Mara sauti ya mama mmoja ikauliza kwa upole, "Na wakati wako wa mapumziko, unapenda kufanya nini?"

Kijana akafunguka kama bomba lililozibuliwa. "Kuogelea, mama! Kila Jumamosi, mimi, mke wangu na watoto wote. Tunafunga nyumba asubuhi, hatuonekani mpaka jioni!"

Kule kwenye benchi Mkurugenzi akasimama, akainyoosha tai yake, akaondoka zake. Kazi alikuwa ameshapata.

Haukupita muda akapanga vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani. Nje akatundika kibao: USTAWI WA KIMATAIFA. Ustawi wa nani, kibao hakikusema. Meza na viti alikodi. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa fundi vitasa ambaye mikononi mwake kufuli lolote lilifunguka lenyewe kwa haya. Huyo akapewa cheo cha Ofisa Utumishi na kalamu ya kushikilia. Tangazo la kazi yenye mshahara mnono likabandikwa hapa na pale, na watu wakaja. Walijipanga kwenye ngazi mpaka fundi cherehani akalalamika kwamba wanamzibia mwanga.

Mkurugenzi hakuwachosha watu na mambo ya vyeti.

"Uraibu wako ni nini?" alimuuliza kijana mmoja mrefu, mwembamba.

"Mzee, mimi hata sigara sijawahi kugusa!"

"Sina maana hiyo. Namaanisha jambo unalolipenda. Hobi."

"Aa! Kukimbia."

"Unakimbia nini?" akauliza Shemeji, kwa huruma ya mtu mwenye uzoefu.

"Nakimbia tu, mazoezi. Jumamosi natoka asubuhi, narudi jua la utosi."

"Na nyumbani anabaki nani?"

"Abaki nani, mzee? Naishi peke yangu. Inabaki redio."

"Kubwa?"

"Ina spika mbili, kila moja kama mlango."

"Safi sana," alisema Mkurugenzi. "Kampuni inataka watu wenye pumzi. Tuachie anwani yako, tutakutembelea. Yaani, tutakuandikia."

Wakamtembelea. Wakamtembelea na mpenda mpira, na mpenda kupanda milima, na bibi harusi mtarajiwa aliyependa kukaa saluni. Chumba cha nyuma kikajaa redio, televisheni, majiko ya gesi na mashine ya kufulia ambayo Shemeji aliibeba mgongoni huku akiilaani familia waliyoiibia kwa kuwa wasafi. Jumatatu yule mkimbiaji akarudi, macho mekundu, kueleza kwamba ameibiwa, hivyo wasishangae akija hatua ya pili bila viatu vya maana. Mkurugenzi akaumia sana. Akasema dunia imeharibika, akampa kitambaa ajifute machozi. Haki ya Mungu, kitambaa kilikuwa cha kijana mwenyewe, na kwa uchungu aliokuwa nao hakukitambua.

Ndipo siku moja akaingia mama mtu mzima, mtandio kichwani, viatu visivyo na sauti.

"Shikamoo, Mama," walisema wote wawili. Mkurugenzi, pamoja na uovu wake, alikuwa amelelewa. Akainuka na kumvutia kiti.

"Marahaba, wanangu. Mungu awazidishie."

"Mama, tueleze. Unapenda nini maishani?"

"Uzee huu nipende nini tena, mwanangu? Labda vile vyombo vya fedha alivyoniachia marehemu baba watoto. Mabirika, masinia, vijiko. Nikivisugua naona kama bado yupo."

Shemeji akapaliwa na mate.

"Pole sana," alisema Mkurugenzi. "Na Jumamosi huwa unafanya nini?"

"Jumamosi ni kwaya, kuanzia asubuhi. Mlango naurudishia tu, maana kitasa chenyewe kibovu." Kisha akawatajia mtaa, njia ya kuingilia, na rangi ya geti, bila hata kuulizwa.

Hapo usaili ungekwisha. Lakini Mkurugenzi alipenda kumaliza kwa ustaarabu, akauliza, "Una swali lolote kwetu, Mama?"

Wengine wote waliuliza mshahara. Mama akamtazama kwa upole. "Ninalo. Na wewe, mwanangu, unapenda nini?"

"Nani?"

"Wewe. Kutwa nzima unawauliza watu wanachopenda. Chako kiko wapi?"

Mkurugenzi akailegeza tai yake. Polisi waliwahi kumuuliza jina. Mkewe alimuuliza alilala wapi. Anachopenda hakuna aliyepata kumuuliza.

"Kuimba," alisema polepole, kama mtu anayeungama. "Zamani, shuleni. Sauti nzito."

"Hebu."

"Aa, Mama, hapa ofisini..."

"Hebu, mwanangu."

Akaimba. Alianza kwa kunong'ona, ubeti wa pili akasimama, akafumba macho. Mama akampigia makofi taratibu, huku macho yake yakitembea hadi kwenye mlango wa chumba cha nyuma, pale pembe ya televisheni ilipochungulia.

"Kumbe tajiri wa sauti! Na Jumamosi huwa mnaimbia hapahapa?"

"Wapi, Mama! Jumamosi tuko nje kikazi, kutwa."

"Na hapa anabaki nani?"

Shemeji akamkanyaga mguu. Mkurugenzi akadhani anashika mapigo.

"Hakuna mtu," alijibu, akaingia ubeti wa tatu.

Jumamosi ikafika. Walipata mtaa, wakapata geti la bluu, wakapata na mlango uliorudishiwa tu, kama walivyoambiwa. Wakavua viatu, wakajitwisha magunia matupu, wakanyata ndani wakipita ukumbini.

Ukumbi ulikuwa umejaa polisi.

Walisimama safu kwa safu, wanawake mbele, wanaume nyuma, sare zimepigwa pasi, vinywa wazi, wote wakingoja mkono wa mwalimu wao ushuke ndipo waimbe. Mwalimu, afande mnene mwenye masharubu, akageuka kuona kinachotazamwa.

"Karibuni!" alinguruma. "Ninyi ndio wale wawili? Mama yenu alipita hapa juzi. Alisema ana wanawe wawili, kuimba wanapenda lakini wana haya kama bibi harusi. Mbona mmevua viatu?"

"Heshima, afande," alisema Mkurugenzi. Ulimi wake haukuwahi kulala.

"Na magunia?"

"Ya kukalia, afande. Tuliogopa sakafu ina baridi."

Wakapangwa safu ya nyuma, kati ya koplo na mtu wa upelelezi. Wakaimba mpaka jioni. Shemeji, ambaye hajawahi kuimba hata bafuni, kwa woga alitoa besi nzito iliyopanda moja kwa moja kutoka magotini, na mwalimu akafumba macho kwa furaha. "Sauti hizi haziokotwi!" alisema. "Niambieni mnakaa wapi. Kila Jumamosi gari litawapitia." Mbele ya askari wote wale, nani angetaja nyumba ya uongo?

Waliporudi ofisini walimkuta fundi cherehani anafagia ngazi.

"Hongereni kwa jengo jipya!" alisema. "Mama yenu kahamisha kila kitu, na mimi mwenyewe nimemsaidia kubeba. Mama mchangamfu yule! Kuniuliza ninachopenda, nikamwambia karata, tukacheka!"

Mkurugenzi akapanda ngazi akikimbia. Chumba cha nyuma kitupu. Chumba cha mbele kitupu. Viti vya watu vimekwenda, meza imekwenda, pazia limekwenda, na pale mlangoni Ustawi wa Kimataifa ulikuwa umeng'olewa pamoja na misumari yake. Walipozungumza, sauti zao ziligonga kuta na kuwarudia.

"Tumeibiwa," Shemeji alinong'ona. "Twende polisi!"

Mkurugenzi akamtazama. "Ndiko tulikotoka."

Tangu hapo gari la polisi likawa linasimama mlangoni kwa Mkurugenzi kila Jumamosi. Wiki ya kwanza majirani walisema amekamatwa. Ya pili wakasema ni mtu wa usalama, wakaanza kumsalimia kwa mikono miwili. Mkewe alimpigia pasi suruali, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wiki ya harusi. Naye Mkurugenzi, ambaye hapo mwanzo aliimba kwa kuogopa pingu, alijikuta Ijumaa usiku hapati usingizi kwa hamu. Hilo hakumwambia mtu.

Kwaya ikaandaa onyesho kubwa. Mkurugenzi akapewa ubeti wa peke yake, katika wimbo wa kusifu uaminifu. Akapiga hatua mbele, akavuta pumzi, akatupa macho kwa wageni. Safu ya kwanza, ubavuni pa mke wa mkuu wa polisi, alikuwa ameketi yule mama, mtandio kichwani, anatabasamu.

Neno "mwizi" likampanda kooni. Mwizi wa nini? Wa redio ya nani? Nyuma yake walikuwa polisi watupu, wangeuliza. Mwalimu akashusha mkono. Mkurugenzi akameza neno lile, akaimba uaminifu kwa sauti iliyotetemeka kiasi kwamba watu walitoa leso. Mama alikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi.

Baada ya onyesho akamfuata, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Umeimba vizuri, mwanangu. Siku ile ile nilijua."

Mkurugenzi alikuwa ameandaa matusi mazuri sana. Lakini macho yake yalilowa, na kilichotoka kilikuwa, "Ahsante, Mama."

Mama akamfinya mkono kwa upendo, akapotea katikati ya watu kwa viatu vyake visivyo na sauti.

Shemeji akaja mbio. "Amekushika mkono? Hesabu vidole!"

Akahesabu. Vidole vilikuwa vyote. Pete ya ndoa ndiyo haikuwapo, na kule mlangoni mkewe alikuwa anakuja, mikono wazi, kumpongeza.