Kitenge Kilichovuka Mto kwa Beseni

Siku Nobert Thembo alipogundua kwamba macho ya watu hayaoni mpaka yaambiwe cha kuona, alikuwa amejikinga mvua katika duka la nguo la Siraj, pale Nyamwamba, mjini Kasese. Nobert alikuwa mwendesha boda, na mvua ikinyesha mwendesha boda hana kazi. Basi alisimama nyuma ya marobota ya nguo akiwatazama wateja.

Akaingia Loyi, mama mwenye mwili na sauti, mwenyekiti wa kwaya ya kanisa moja huko Bwera, mpakani mwa Congo. Alitafuta sare ya kwaya. Siraj akamtandikia kitenge cha bluu chenye kuku wa manjano. Loyi akakishika, akakinusa, akakisukuma.

“Hii ni ya hapa hapa,” alisema. “Mimi naishi mpakani, Siraj. Kitenge ya Congo naijua hata nikifunga macho.”

Macho alikuwa ameyafumbua, na huenda shida ilianzia hapo. Siraj, aliyejua kwamba vitenge vyake na vile vya ng’ambo ya mpaka hutoka katika kiwanda kimoja huko China, alikikunja kitenge chake kwa adabu ya kibiashara.

Loyi alipotoka, Nobert alikinunua kitenge kilekile, akakisokomeza ndani ya jaketi lake lililolowa, akamfuata hadi uchochoroni. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama kulia tena. Ile mara ya pili ndiyo hasa iliyofanya kazi.

“Mama, sema polepole,” alinong’ona kwa Kiswahili cha ng’ambo, ambacho alikiokota kwa abiria. “Niko na wax ya kweli, kitenge ya Congo. Imevuka mutoni leo asubuyi. Batu ya dwani, bale ba kodi ya mpaka, beko kila mahali.”

Loyi akaingiza mkono chini ya jaketi, akapapasa, akashusha pumzi.

“Sasa hii ndiyo kitenge,” alisema. “Sikia vile iko nzito.”

Kilikuwa kizito kwa maji ya mvua. Alilipa bei ya Siraj na nusu yake juu, tena akaondoka akiamini amemwibia kijana wa watu, maana wax halisi ingemgharimu mara tatu. Kabla hajaondoka aliagiza vingine arobaini, viletwe nyumbani kwake Bwera siku ya Ijumaa. Kwaya ingevinunua kwake kwa bei kamili ya wax, na tofauti ingebaki kwa mwenyekiti, kwa utukufu wa Mungu.

Nobert akauza pikipiki, akanunua vitenge arobaini kwa Siraj. Mkewe, Immy, alimwuliza swali moja tu.

“Na ikikataa?”

“Ikikataa tutaenda Maliba, kwa baba yako, nilime kahawa yake.”

Alilisema kwa kucheka, lakini moyo haukucheka. Mwanamume wa milimani kwenda kuishi ukweni na kulishwa na baba mkwe, hiyo si adhabu, hayo ni mazishi ambayo marehemu anahudhuria mwenyewe. Immy hakucheka hata kidogo. Alihakikisha Siraj ameandika risiti yenye muhuri, akaifunga kwa plastiki, akaitia mfukoni mwa shati la mumewe kwa mkono wake.

Ijumaa Nobert alipanda pikapu iliyotoka kupakua chumvi ya Kabatoro, akateremka Bwera na magunia mawili ya vitenge. Katika ua wa gesti moja aliomba beseni la maji. Akasimama ndani yake na suruali yake, akajilowesha hadi magotini. Akajipaka tope kidogo nyuma ya sikio. Akatia kipande cha samaki mkavu juu ya vitenge ili vinuke safari. Mali halali, iliyolipiwa kodi, ikaandaliwa kwa uangalifu mkubwa iwe haramu. Nchi nzima watu wanahangaika kufanya kinyume chake.

Kwa Loyi, saa sita mchana, mapazia yalikuwa yamefungwa. Mama alifungua gunia, akainamisha pua.

“Mm,” alisema. “Congo.”

Nobert hakukaa. Alikataa soda. Alishtuka jogoo alipowika nje, na hakushtuka kwa kuigiza: wiki nzima alikuwa amejizoeza woga mbele ya kioo, na woga, kama mgeni yeyote aliyezoeshwa nyumba, sasa ulikuwa unaingia bila hodi. Loyi akasema anaingia chumbani kuleta pesa.

Mara buti zikasikika kwenye kokoto nyuma ya nyumba. Buti nzito, za askari.

“Wewe! Nani iko ndani?” sauti ilifoka. “Toka! Mikono juu! Toa kipande ya kitambulisho!”

Sasa tutafakari kwa utulivu. Mtu mwenye risiti ya muhuri mfukoni, ambaye hajavuka mpaka wowote tangu azaliwe, alipaswa kukaa kitini, kukunja nne, na kuomba ile soda aliyoikataa. Nobert alipitia dirishani. Akakatiza mahindi, akakatiza migomba, akateremka bondeni kuelekea mto wa mpakani, na magunia yake akayaachia Mungu.

Mlangoni akatokea Amoding, jirani wa Loyi, mke wa polisi mmoja, mzaliwa wa Teso. Alikuwa amevaa buti za mumewe, na mkononi alishika mwiko wa ugali.

“Ameenda?” aliuliza.

“Ameenda,” alisema Loyi, akitoka chumbani bila pesa yoyote. “Chagua yako moja. Zile za chini hazinuki samaki.”

Loyi alikuwa amelipanga hilo tangu siku ya uchochoroni. Mfanya magendo akiporwa hana pa kushtaki, kwa sababu akienda polisi amejipeleka mwenyewe. Hesabu ilikuwa nzuri sana, ila magendo yenyewe hayakuwepo.

Nobert alikumbuka kwamba mali yake ni halali alipofika kando ya mto, pumzi zimekwisha, mkono umegusa kifua ukaikuta plastiki. Nyuma hapakuwa na buti hata moja iliyomfuata, na askari wa kweli hukimbiza; basi ameibiwa. Alicheka peke yake. Kumbe alikuwa na haki! Kwa mara ya kwanza tangu aanze ujanja alikuwa na ukweli mtupu, wenye muhuri, na akakimbia nao mbio zote hadi kituo kidogo cha polisi kilichokuwa kando ya barabara.

Afande Lakot, mwanamke wa kaskazini, mrefu na asiye na haraka, alimtazama kuanzia chini kwenda juu: suruali iliyolowa, tope sikioni, majani kichwani.

“Afande, wameniibia vitenge yangu, arobaini.”

“Umetoka wapi?”

“Kasese.”

“Kasese iko huku,” alisema Lakot, akionyesha barabara. “Wewe umetoka huku.” Akaonyesha mto.

Nobert akampa risiti. Lakot akaisoma, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

“Iko safi sana. Risiti ya mtu wa halali inakuwa na mafuta ya chapati. Wewe umefunga na plastiki. Ulijua utaulizwa.”

“Sikuvuka, afande. Maji ni ya beseni. Nilitaka yule mama afikiri ni magendo.”

Lakot akaweka kalamu chini.

“Ngoja. Ulinunua halali, ukamwambia ni magendo, ndiyo anunue?”

“Ndiyo, afande.”

“Hiyo ni udanganyifu. Iko na kifungu yake. Na kama unanidanganya mimi sasa hivi, basi ni magendo, na hiyo pia iko na kifungu yake.” Akavuta daftari kubwa. “Niandike gani?”

Nobert alilitazama daftari. Akilini alimwona baba mkwe akimkabidhi jembe. Alitaka kulia, ila kwa jinsi alivyokuwa siku hiyo hata machozi yake yangeshukiwa kuwa ya beseni.

“Vitenge gani, afande?” alisema mwishowe. “Mimi nilikuja kuuliza njia ya Kasese.”

Lakot alifunga daftari, akamrudishia risiti kwa vidole viwili kwa sababu ya harufu ya samaki.

“Njia ni hiyo. Lakini enda polepole. Ukikimbia hivyo watu watafikiri umeiba.”

Nobert akashukuru, akaweka mikono nyuma, akaanza kutembea taratibu kuelekea Kasese. Kabla hajaimaliza Bwera, wanawake watatu walioiona suruali yake iliyolowa walikuwa wamemsogelea, mmoja baada ya mwingine, wakimwuliza kwa kunong’ona kama bado amebaki na kitenge cha Congo.