Mkono wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Okolona, Louisville
Tarehe 6 Oktoba 2016

Kwa Bwana Austin Ochieng,
Mwenyekiti wa Kamati ya Tuzo za Kioo,
Columbus

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama Milcah na watoto. Sisi huku tupo. Nakuandikia kuhusu kitabu chako cha historia ya Tuzo za Kioo, kilichofika kwa posta Jumanne. Nimekisoma chote, kurasa arobaini na nane, pamoja na matangazo ya duka la mchele. Umeeleza vizuri jinsi wenzetu wa Louisville, Columbus na Buffalo walivyopata nusu saa ya Kiswahili kila Jumamosi kwenye chaneli ya kebo ambayo wananchi hupewa bure, na jinsi, baada ya vipindi sita tu, mlivyoona kwamba wakati wa kutuzana umefika.

Sikatai. Watu waliofanya kazi watuzwe. Ila nina malalamiko, nami nimeyapa namba ili kamati isichoke.

1. Kwenye ukurasa wa kumi na nne kuna picha ya sherehe ya 2014, iliyofanyika katika ukumbi wa kanisa karibu na Morse Road. Katikati uko wewe, unajikabidhi Tuzo ya Mtangazaji Bora. Kushoto kuna mkono mmoja, umekatwa na ukingo wa picha, unapiga makofi. Chini mmeandika: "Mwenyekiti akishangiliwa." Anayeshangilia hakutajwa.

Mkono huo ni wa marehemu mke wangu, Adolphine. Nimeutambua kwa saa. Mkanda wake ulikatika kazini, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, naye akaushona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Adolphine alifumba macho kila alipoona kamera. Alipofariki Januari 2015 nilitafuta picha moja anayoonekana amefurahi, sikuipata. Sasa nimeipata, nayo haina jina. (Ukurasa wa kumi na tano sina neno nao. Unasema tu kwamba baadaye kulikuwa na viburudisho.)

2. Kitabu kinasema kwamba siku hiyo watu thelathini na nane walijiandikisha mlangoni, na kwamba zilitolewa tuzo thelathini na saba. Nimehesabu mara mbili. Mlimtuza Mwanzilishi, Mwanzilishi Mwenza, na Mwanzilishi Aliyejiunga Baadaye. Bwana Gatsinzi alituzwa kwa kuonyesha watu mahali pa kuegesha magari, ingawa magari yalikuwa tisa. Mimi mwenyewe nilipewa Tuzo ya Aliyetoka Mbali, na nawashukuru, imesimama juu ya friji. Aliyerudi nyumbani mikono mitupu ni mtu mmoja tu, na ndiye aliyetumia mikono kuliko sisi sote.

3. Bwana Mutware, anayerekodi sherehe zetu, amepata Tuzo ya Sauti Bora miaka mitatu mfululizo. Nimesikiliza DVD zake. Ile ya 2014, watu wanapiga makofi, wananyamaza, halafu mtu mmoja anaendelea peke yake, taratibu, kama anayekanda unga. Hivyo ndivyo Adolphine alivyopiga makofi. Ndege iliyotuleta kutoka kambi ya wakimbizi ilipotua Louisville, abiria wote walipiga makofi wakaacha, yeye akaendelea mpaka mhudumu akaja kumuuliza kama anahitaji maji.

Sasa sikiliza ile ya 2015, ya Cheektowaga, pale karibu na Buffalo. Makofi ni yale yale. Nilimpigia Mutware simu, akaniambia, "Bon, mzee Byamungu, siku ile watu walikuwa wanakula, hakuna aliyepiga. Donc nikakopa ya mwaka uliotangulia." Maana yake, Ndugu Mwenyekiti, mke wangu aliwashangilia miezi saba baada ya kuzikwa, na hata hapo hamkumpa cheti.

4. Nimelifikiri jambo hili nikiwa kazini kwenye bohari, nikipanga maboksi. Mtu akikabidhiwa kitu cha plastiki watu wamenyamaza, hajashinda. Amepewa kitu cha plastiki. Kinachomfanya mshindi ni makofi. Kwa hiyo tuzo zote za 2014 zilitengenezwa na Adolphine, na za 2015 pia. Zilizobaki ni zile za 2013, ambazo sikuzihudhuria, na kwa hizo niko tayari kusikiliza.

5. Kwa sababu hiyo naomba washindi wote warudishe ama makofi ama tuzo. Makofi najua ni vigumu. Tuzo zitumwe hapa Okolona. Nimeshatoa sahani kwenye kabati.

6. Wakiona ni mbali, basi jina moja tu liandikwe chini ya ule mkono. Adolphine. Herufi ni tisa, na nafasi ipo. Nimepima kwa rula.

Msalimie Mama Milcah. Nisalimie Gatsinzi, na Mutware nisalimie pia, sina kinyongo naye. Kostansia wa Buffalo mwambie sufuria yake bado ninayo.

Ndimi mwenzenu katika kebo,
Byamungu, baba Précieuse

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshabandikwa stempu binti yangu Précieuse aliporudi kutoka shuleni. Aliipiga picha hiyo kwa simu, akaikuza, akaniangalia kwanza. "Papa, haiko mukono ya mama. Mama hakukuwaka na koti ya kahawia. Ni yako."

Ni kweli. Nimekumbuka. Mlangoni pale Adolphine alivua saa akanifunga mkononi. "Shika, baba Précieuse, unga utaiua." Mpishi wenu alikuwa anasubiri kupokea tuzo, kwa hiyo yeye akaingia jikoni kukanda mandazi, na hakutoka mpaka mwisho. Makofi ya taratibu kwenye DVD ni yangu. Nadhani nilijifunza kwake.

Siku ile tukirudi kwenye gari, Adolphine aliniuliza nani ameshinda. Nikamwambia, wote. Akapiga makofi, tukatoka Columbus bado anapiga.

Basi malalamiko yote sita nayafuta, na sahani nimezirudisha kabatini. Ukurasa wa kumi na nne uacheni ulivyo. Ila kwenye ule wa kumi na tano, pale mlipoandika viburudisho, ni yeye. Mkipita hapo, naomba mumkumbuke.